Rekoda Gani ya Kushuka Nayo Nyasa?

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay hakufiki kilomita 70, na siku hizi njia ni lami. Lakini anayeteremka na kinasa sauti begini anavuka nchi mbili za sauti. Juu, katika milima ya Umatengo, sauti ni ndogo na za karibu: bibi anayesimulia jikoni, majembe yanayochimba ngoro (mashimo ya kilimo cha Wamatengo), mashine ya mkono inayomenya kahawa. Chini, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kuna mawimbi, injini za boti, upepo usio na adabu, na ngoma ya mganda inayosikika hadi kijiji cha pili. Kifaa kilichofanya kazi vizuri asubuhi Litembo kinaweza kushindwa kabisa jioni Liuli.

Ndiyo maana swali la "ninunue rekoda gani?" halijibiki kwa kutaja chapa. Huliuliza mwalimu anayetaka kuhifadhi hadithi za wazee, mwanakwaya, mtangazaji wa redio ya jamii, mtafiti wa lugha na kijana anayetengeneza filamu fupi, na kila mmoja anahitaji jibu lake. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba sauti iliyo ngumu kuliko zote unazokusudia kunasa ndiyo inayopaswa kuchagua kifaa. Baada ya hapo, mambo yanayoamua kazi itatokaje mara nyingi hayapo ndani ya rekoda: umbali wa maiki, upepo, betri, na nani anabaki na nakala.

Mashine ilipoamua urefu wa wimbo

Kusini mwa Tanzania kumenaswa sauti kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya mitungi ya nta. Mtungi mmoja ulibeba dakika mbili tatu tu, na nta haipendi joto. Mwaka 1950 Hugh Tracey, ambaye miaka minne baadaye alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini, alipita Tanganyika akirekodi makabila mengi. Jenereta yake ilibidi iegeshwe mbali na waimbaji, waya mrefu ukivutwa, ili mngurumo wake usiingie kwenye muziki. Na kwa kuwa upande mmoja wa santuri za wakati ule ulikuwa wa kama dakika tatu, wimbo wa usiku kucha ulilazimika kukatwa ukatoshe hapo.

Kisha ikaja Nagra, mashine ya tepu ya kubebeka aliyoibuni Stefan Kudelski nchini Uswisi mwaka 1951, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa ndoto ya kila mtangazaji. Baadaye zikaja kaseti, halafu vinasa vya kidijitali vinavyoandika kwenye memori kadi. Leo kikwazo cha muda kimekwisha. Stereo ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Chama cha Kimataifa cha Nyaraka za Sauti na Picha (IASA), hula takribani gigabaiti moja kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba sherehe nzima na kubaki na nafasi. Tunachopaswa kuuliza leo ni iwapo kifaa kinazisikia sauti zetu sawasawa, ndogo na kubwa.

Sauti ndogo: hadithi jikoni

Tuanze na kazi inayoonekana rahisi, kumbe ndiyo inayofichua udhaifu wa rekoda ya bei ya chini. Kimatengo kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano, na kina toni zinazobeba maana. Nobuko Yoneda, mwanaisimu wa Kijapani, aliichunguza lugha hiyo kwa miaka mingi na kuchapisha msamiati wake mwaka 2006. Anayetaka kuendeleza kazi ya namna hiyo anahitaji rekodi ambayo tofauti ndogo kati ya irabu mbili zinazokaribiana haijamezwa na kelele.

Kila rekoda ina kelele yake ya ndani, ule mvumo wa "shsh" unaosikika pale unapoongeza sauti ya kurekodi ili kumfuata mtu anayesema kwa sauti ya chini. Watengenezaji huitaja kwa kipimo kinachoandikwa EIN, na namba ikizidi kwenda chini ya sifuri ndivyo kifaa kilivyo kimya. Zoom F3, kwa mfano, hutajwa kuwa na -127 dBu, kiwango kizuri sana. Rekoda nyingi ndogo za mfukoni hazikifikii, na kwenye jikoni tulivu la Umatengo, nje hakuna gari wala redio, tofauti hiyo inasikika wazi.

Hata hivyo kelele ya ndani inapungua makali yake maiki ikisogezwa. Ukizidisha umbali mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6, huku kelele ya chumba ikibaki pale pale. Bibi akiwa mita mbili kutoka kwenye rekoda iliyowekwa juu ya kinu, hata kifaa cha dola 1,000 kitanasa zaidi cheche za kuni, kuku na watoto wanaochungulia mlangoni. Maiki ndogo ya kubana nguoni, shibiri moja chini ya kidevu, ikiunganishwa na rekoda ya bei ndogo, itatoa rekodi safi zaidi. Ibanwe upande ambao kanga haiisugui, na waya ufungwe kitanzi kidogo ili ukivutwa usipige kelele. Rekoda yenyewe iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, isishikwe mkononi: vidole vinavyoteleza juu ya plastiki husikika kama mtu anayeburuta kiti.

Kwa kazi hii, basi, sifa za kutafuta ni tatu: tundu la maiki ya nje, kelele ndogo ya ndani, na faili za WAV badala ya MP3. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizitambui. Kwa wimbo wa kusikiliza safarini haina neno, ila mwanaisimu anaweza kuzihitaji zile zilizotupwa.

Sauti kubwa: mganda

Ufukweni mambo hugeuka. Mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa kwa mistari na nidhamu ya gwaride, na wenzao wa kike wana kioda. Mizizi yake huhusishwa na askari wa enzi za ukoloni, na ina undugu na ngoma ya beni ya pwani. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ngoma ya ukoo huo huitwa malipenga, jina la vibuyu vyenye utando ambavyo waimbaji huvipuliza sauti ndani yake. Vijiji hualikana na kushindana, na shindano ni la siku nzima.

Kwa mrekodi, hapa kuna sauti tatu zinazogombana. Ngoma kubwa ina mshindo mzito wa chini ambao karibu yake unaweza kupita desibeli 110. Vibuyu vina mlio mkali wa juu wenye mkwaruzo wa makusudi. Halafu kuna uimbaji, ambao ndio wenye maneno ya utani na habari za mwaka. Ukisogea ili upate maneno, ngoma inapasua rekodi. Ukirudi nyuma, unabaki na mshindo tu.

Kosa linaloharibu rekodi nyingi za ngoma ni kuacha rekoda ijipangie yenyewe kiwango cha kurekodi. Ngoma ikipigwa, kifaa hushusha sauti ghafla. Ikinyamaza kidogo, hupandisha, na rekodi nzima inakuwa kama inapumua. Dawa ya zamani bado inafaa: zima mpangilio huo, waombe wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kabla ya kuanza, kisha weka kiwango ili vilele visivuke desibeli -12. Na kwa kuwa wakati wa majaribio watu hujizuia, acha nafasi zaidi ya hiyo.

Dawa mpya ni mfumo wa biti 32 floti, ulioingia katika vinasa vya kubebeka mwaka 2019 kupitia Zoom F6 na MixPre za Sound Devices, na sasa uko hadi kwenye rekoda za bei ya chini. Mfumo huu una upana mkubwa kiasi kwamba huhitaji kupanga kiwango. Sauti iliyoonekana kupita kipimo inaweza kushushwa baadaye ikiwa nzima. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, huku akiwa pia na kamera mkononi, ni msaada mkubwa.

Ila wauzaji wanausifu kupita kiasi. Faili inaweza kuhimili sauti yoyote, lakini maiki haiwezi. Zoom H1essential, kwa mfano, ina maiki zinazohimili desibeli 120. Ukiiweka hatua moja kutoka kwenye ngoma kubwa, sauti inaweza kupasuka ndani ya maiki kabla hata haijafika kwenye faili, na hakuna programu itakayoitengeneza. Kwa mganda, kwa hiyo, tafuta kwanza namba ya desibeli ambazo maiki inahimili, halafu ndipo utazame biti. Na mahali pa kusimama ni mbele ya waimbaji, ngoma zikiwa nyuma yao, stendi ikiwa juu kidogo ya vichwa. Hapo miili ya wachezaji yenyewe hupunguza ukali wa mshindo.

Upepo: mvua ikikatika, unaanza

Kalenda ya eneo hili ina mtego. Mvua hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua juu ya bati inafuta mahojiano yoyote yanayofanyika chini yake. Kwa hiyo kila mtu hupanga kurekodi kiangazi. Lakini Mei hadi Agosti ndipo upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao Wamalawi huuita mwera, unapotawala ziwa. Miezi inayokuondolea kelele ya bati inakuletea kelele nyingine.

Upepo ukiigonga maiki hutoa mngurumo ambao si sauti ya mahali hapo hata kidogo. Ni hewa inayoisukuma maiki. Sponji nyembamba inayokuja na rekoda inatosha kuzuia pumzi ya msemaji, haitoshi ufukweni Mbamba Bay. Kinachohitajika ni kizuia upepo cha manyoya marefu. Kisipopatikana dukani, fundi cherehani anaweza kukishona kwa kitambaa cha manyoya ya bandia, mradi upande wa ndani hewa inapita. Kwa fedha inayotumika, hakuna nyongeza nyingine yenye faida kama hii.

Aina ya maiki nayo ina neno lake. Maiki zinazosikiliza upande mmoja, kama zile mbili zilizopishana mbele ya rekoda nyingi za Zoom, hutenga sauti vizuri lakini huumizwa zaidi na upepo na mtikisiko wa mkono. Maiki zinazosikiliza pande zote, kama za Tascam DR-05X, huvumilia upepo zaidi na hunasa mazingira kwa upana wake. Kwa anayetaka sauti ya ziwa lenyewe, soko la samaki alfajiri au wavuvi wa usipa wakirudi, aina ya pili ina faida hata pale inapokuwa ya bei ndogo.

Rekoda karibu zote zina kichujio cha kukata sauti za chini, mara nyingi karibu na hezi 80. Kitumie kwenye mahojiano ya nje. Kwenye mganda usikiguse, kwa sababu kitaondoka na kifua cha ngoma pamoja na mngurumo wa upepo, na kilichochujwa wakati wa kurekodi hakirudi.

Betri, umande na kadi feki

Umeme umefika vijiji vingi vya Mbinga na Nyasa, lakini kukatika bado kupo, na shindano la ngoma halisubiri chaji. Hapa rekoda inayotumia betri za AA inaishinda ile yenye betri ya ndani isiyotolewa: DR-05X huenda zaidi ya saa 15 kwa betri mbili. Betri za bei ya chini kabisa za dukani ni za tochi, kwenye rekoda huisha mapema mno. Bora alkalaini, au za kuchaji aina ya NiMH seti mbili, moja kazini na nyingine kwenye chaja. Vifaa vipya hukubali pia pawabenki kupitia USB.

Tofauti ya hali ya hewa kati ya mlima na ziwa huleta jambo jingine. Juni na Julai Umatengo kuna baridi kali. Rekoda iliyolala Mbinga ikifunguliwa ghafla kwenye unyevu wa ufukweni inaweza kupata umande ndani ya maiki, na umande huo hutoa mivumo na milio ya kupasuka. Iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la mahali, na uweke humo vifuko vya kukausha unyevu.

Jambo la tatu ni kadi. Sokoni kuna memori kadi zinazoandikwa gigabaiti 128 huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Zinakubali faili bila kulalamika, kisha ukifungua nyumbani hakuna kitu. Kabla ya safari, jaza kadi yote kwa faili za kompyuta, zifungue moja moja, halafu uifute kwa menyu ya rekoda yenyewe.

Je, simu haitoshi?

Kwa kazi fulani inatosha. Kumbukumbu ya mkutano, dondoo ya habari, wimbo uliotokea ghafla njiani: simu iliyo mfukoni inaishinda rekoda iliyobaki nyumbani. Lakini simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Programu zake hupunguza kila kisichofanana na sauti ya mtu anayeongea karibu, kwa hiyo mawimbi, wadudu wa usiku na mkia wa mlio wa ngoma hukatwa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa zaidi. Unafaa kupeana habari, haufai kuwa nakala ya kumbukumbu. Anayelazimika kutumia simu aweke programu inayorekodi WAV, aizime mitandao, na achomeke maiki ya nje.

Kulingana na mfuko

Mwaka 2024 Zoom ilitoa H1essential, H4essential na H6essential, zote za biti 32 floti, kwa takribani dola 100, 200 na 300 katika soko la Marekani. Usafiri, kodi na faida ya muuzaji wa Kariakoo vinaongezeka juu yake. Ngazi hizo zinasaidia kupanga mawazo hata kwa anayenunua chapa nyingine.

Ngazi ya kwanza, yaani H1essential, DR-05X na jamaa zao, inamfaa mwalimu, mwanafunzi na mtangazaji wa mahojiano. Ukiongeza maiki ya nguoni na manyoya, unapata sehemu kubwa ya ubora unaohitajika. Udhaifu wake ni kelele ya ndani kwenye sauti ndogo sana na ufinyu wa matundu.

Ngazi ya pili, yenye matundu mawili ya XLR na umeme wa volti 48 kwa maiki kubwa, ndiyo inayozibeba nchi zote mbili, mlima na ziwa. Kwaya, kituo cha redio, au mradi wa lugha unaonunua mara moja kwa miaka mingi uanzie hapa. F3 ni ya kundi hili kwa kazi: iko kimya sana, ina matundu mawili, haina maiki yake wala kitufe cha kiwango. Ni chaguo la mtu aliye na maiki nzuri tayari.

Ngazi ya tatu, kama MixPre, iko juu ya bei hizo zote, na ni ya watu wa filamu na studio. Ubora wake haupingiki, lakini hula betri, na kipuri hakipatikani Songea. Kwa wanaofuatilia ndege na wanyama, tuseme kwenye pori la akiba la Liparamba, kuna njia nyingine kabisa: AudioMoth, kifaa kidogo kilichotoka mwaka 2017, kinachofungwa mtini na kujiwasha kwa ratiba bila mtu kuwepo.

Kanuni ya bajeti ni nyepesi: rekoda isizidi nusu ya fedha yote. Nusu nyingine ni ya manyoya, maiki, stendi, hedifoni za kufunika masikio, betri, kadi mbili na diski ya kuhifadhia. Hedifoni hasa zisiachwe, maana bila kuzivaa hujui unachorekodi.

Nani anabaki nayo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa hiyo ruhusa si heshima tu. Iombwe kwa kiongozi wa kikundi na kwa wazee, kisha irekodiwe mwanzoni mwa faili: jina la ngoma, kijiji, tarehe, waliokubali, na matumizi waliyoyakubali. Faili yenye ubora wa juu isiyo na maelezo hayo, baada ya miaka 20 itakuwa kelele nzuri isiyo na mwenyewe.

Kenya imetuonyesha gharama ya kuchelewa. Nyimbo ambazo Tracey alizirekodi kwa Wakipsigi mwaka 1950, ukiwemo ule maarufu wa "Chemirocha", zilirudishwa vijijini kwao katika miaka ya 2014 na 2015, wengi wa walioimba wakiwa wameshafariki. Siku hizi nakala ya siku ile ile inawezekana: diski moja shuleni au parokiani, nyingine kwa mrekodi, ya tatu kwenye hifadhi ya nje ya wilaya.

Hapo ndipo hesabu ya ununuzi inapobadilika. Mgeni mwenye kifaa cha dola 1,000 hufika ufukweni kwa wiki mbili za kiangazi, na hunasa yale aliyopangiwa. Msiba, harusi, shindano la mganda lililoitishwa juzi na bibi aliyeamua leo kusimulia havifuati ratiba yake. Halmashauri, parokia au mfadhili mwenye fedha za kununua rekoda moja ya ngazi ya tatu angefanya vizuri zaidi kununua tano za ngazi ya kwanza, kila moja na manyoya yake, na kufundisha vijana wawili katika kila kijiji namna ya kuweka maiki karibu na kuvaa hedifoni. Kelele kidogo ya ndani itasikika katika rekodi zao. Lakini rekodi zitakuwepo, na zitakuwa mikononi mwa wanaoelewa kinachosemwa ndani yake.